Injinia mwenye digrii na foromani wa darasa la saba, nani amsikilize nani saiti?

injinia_mpya_dom
Habari wakuu. Nimemaliza digrii ya uhandisi ujenzi mwaka jana, sasa hivi nipo saiti ya ghorofa huku Dodoma. Shida yangu ni foromani, mzee wa darasa la saba lakini anajenga tangu sijazaliwa na mafundi wote wanamsikiliza yeye. Juzi tunamwaga zege la nguzo, vibarua wakawa wanaongeza maji kwenye mikseri ili zege liwe laini, nikawaambia acheni, wakamwangalia yeye kwanza, hakusema kitu, wakaendelea kumimina tu. Maji yakizidi zege linapoteza nguvu, na nguzo ndo imebeba nyumba! Nikipeleka kwa bosi naonekana mnoko, nikinyamaza daftari la saiti nasaini mimi. Hivi elimu ya darasani ina uzito gani kazini kama huwezi kuongea na watu wakakuelewa?

fundi_mbagala
Dogo, shikamoo unampa huyo mzee? Nauliza kwa nia njema kabisa, maana kuna vijana wanashuka kwenye gari asubuhi wanapitiliza ofisini na laptop, halafu saa nne wanakuja kufoka mbele ya vibarua, hapo hata uwe na point gani hakuna atakayekusikia. Mfuate wakati wa chai, kaeni wawili, muulize kwa nini maji yanaongezwa. Mimi nakwambia sababu: nondo za nguzo zimebanana, vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishuke vizuri, ama hamna ama mbovu, zege gumu halishuki, mkifungua mbao unakuta matobo na nondo zinaonekana, na lawama zote zinamwangukia foromani. Yeye anakimbia matobo, wewe unakimbia maji, na wote mna haki. Mletee vaibreta inayofanya kazi uone kama ataongeza maji tena.

Eng_wa_Mwanza
Fundi hapo juu kamaliza sehemu kubwa. Niongeze kwamba hata taratibu zetu hazikuamini na digrii peke yake, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina ule mpango wa mafunzo kazini, SEAP, tangu 2003, mhitimu anafanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu ndo aombe usajili kamili. Kwa hiyo mzee huyo mhesabu kama mwalimu wako mwingine.

Ila kwenye maji usilegee. Chukua moldi za kyubu, yale maboksi ya kutengenezea vipande vya zege vya majaribio, zile za milimita 150 kila upande, jazeni zege la kawaida na jingine lililoongezwa maji, mzee mwenyewe aandike alama, halafu siku ya 7 na ya 28 nenda naye maabara akaone zikipasuliwa kwenye mashine ya kupima nguvu. Mtu aliyeshika zege maisha yake yote akiona namba mbili za mchanganyiko wake mwenyewe hahitaji hotuba. Na mwombe bosi plastisaiza, dawa ya kuchanganya kwenye zege, linalainika bila kuongeza maji.

binti_wa_fundi
Mimi nasema kwa uchungu kidogo. Baba yangu fundi, kafundisha vijana wengi kupanga tofali na kusoma ramani, wengine wakaenda chuo wakarudi kuwa mabosi wake na mshahara mara tatu, yeye kila tenda anaulizwa cheti kiko wapi. Sasa kama huyo mzee ana kinyongo na wasomi, kijana usishangae. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunza mtaani, wanampima kwa vitendo anachojua na akifaulu anapewa cheti. Baba alikipata, na siku hizi saiti anaitwa kwenye vikao. Mwambie huyo mzee, msaidie hata kujaza fomu. Sisemi umhonge, nasema anastahili.

injinia_mpya_dom
Asanteni sana, kumbe sijawahi hata kumuuliza sababu. Vaibreta ipo moja, inazima kila baada ya muda, nitaiombea matengenezo kabla hatujamwaga tena Jumamosi. Moldi za kyubu tunazo stoo. @Eng_wa_Mwanza, hiyo plastisaiza inawekwa kiasi gani kwa mfuko mmoja wa saruji?

Eng_wa_Mwanza
Inategemea aina, fuata karatasi ya mtengenezaji, na jaribuni kwenye mchanganyiko mdogo kwanza kabla ya nguzo. Huyo mzee awepo.