Tupeane uzoefu: Walimu wa Nyanda za Juu Kusini, usalama wa mtandaoni mnaufundishaje darasani?

Ticha_Uyole:
Wadau, poleni na baridi. Nafundisha Uraia sekondari ya kata huku Uyole, Mbeya. Naomba kila mwenye lake alimwage hapa. Naanza na langu.

Tulipofungua baada ya likizo ya Juni, kijana wa Kidato cha Pili alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu huku amevuta mikono ya sweta mpaka vidole vimepotea. Kimya. Nikaendelea kusahihisha. Baadaye akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyempa."

Kumpa nani, nini? Ikatoka kidogo kidogo. Usiku mmoja alichukua simu ya mama yake acheze gemu. Ikaingia meseji ya WhatsApp kutoka namba ya mwanakikoba mwenzake mama: "Shoga, kuna tarakimu sita nimezituma kwako kwa bahati mbaya, nirudishie." Kijana akazirudisha, bila kujua ndizo namba za kuthibitisha WhatsApp ya mama. Kumbe huyo shoga naye alikuwa ameshaibiwa akaunti. Kulipokucha WhatsApp ya mama imejitoa, na mtu anawaandikia kikoba kizima kwa jina lake kwamba amekwama hospitali, wamtumie, atarudisha jioni. Wawili walituma, mmoja wao elfu themanini. Mama wa watu alinuniwa, na mpaka leo kuna wanaoamini hela alizila yeye.

Mtoto alijua tangu asubuhi ile. Akakaa nalo siku kumi na moja, kwa sababu kushika simu ya mama bila ruhusa kwao ni fimbo.

Angesema siku ile ile, dawa ilikuwepo: laini bado anayo mama, angejisajili upya, tarakimu mpya zingekuja kwake, mwizi angetupwa nje. Hata kama mwizi ameshaweka namba yake ya siri ya ziada (ile ya uthibitishaji wa hatua mbili), anatoka. Mama angesubiri siku 7 tu kuirudisha akaunti. Sasa mimi darasani nilishafundisha "usimpe mtu namba ya siri". Yule kijana alipata 18 kati ya 20 kwenye jaribio hilo! Ndiyo maana nauliza, wenzangu mnafanyaje?

Parachichi_Njombe:
Kamwene mwalimu. Mimi niko msingi, umeme kwetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo mtandao naufundisha kwa karatasi.

Darasa la Sita niliwaandikia sentensi moja: "Mwalimu anaogopa bata." (Ni kweli, naogopa.) Nikampa mmoja karatasi, nikamwambia anakili mara mbili awape wenzake wawili, nao wafanye vivyo hivyo, mpaka kengele. Kipindi cha pili nikatangaza: siri yangu imevuja, naitaka yote irudi, kila karatasi. Wakakimbia huku na kule. Zikarudi nyingi, tukazichoma nyuma ya jiko la shule, nikasema haya, imekwisha.

Jumatatu nikaikuta imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa choo cha wavulana. Na chini yake mtu kachora bata.

Niliwapeleka darasa zima wakauone ule ukuta. Nikauliza: hii ingekuwa picha yako je? Hakuna aliyecheka tena. Maneno "ukishatuma haifutiki" nilikuwa nayasema mwaka mzima na yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyao.

Fundi_Kihesa:
Hiyo ya bata naiba 😂

Iringa hapa, somo la TEHAMA, kompyuta sita nzima, watoto hamsini na kitu. Siku ya nywila niliwaambia kila mtu atunge ya kwake aiandike kwenye kikaratasi akifiche. Kisha nikaanza kukisia kwa sauti: 123456. Simba2024. Yanga2024. Jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Mikono ikawa inanyooka kwa aibu, nilidaka kumi na moja kabla sijaishiwa. Tukahamia kwenye maneno manne yasiyohusiana, ya kwao wenyewe. Mmoja akatunga lenye ulanzi, togwa, trekta na shangazi. Hilo silisahau, lakini ndiyo ameshalifuta, maana alilisoma kwa sauti.

Kingine kilichofanya kazi ni picha yangu mwenyewe. Nimesimama nje ya nyumba, jiwe la Gangilonga linaonekana kwa mbali, pikipiki pembeni. Nikawapa dakika kumi: niambieni huyu mtu anakaa wapi. Wakasoma namba ya pikipiki. Wakapima jiwe liko upande gani. Binti mmoja akaona kivuli, akasema picha ni ya jioni, kwa hiyo mwalimu jioni yuko nyumbani na mchana nyumba haina mtu. Nilirudi nikabadilisha kitasa, sitanii. Baada ya hapo ndipo nikawauliza kuhusu zile wanazorusha TikTok wakiwa na sare yenye nembo ya shule.

Baba_Mafinga:
Samahanini walimu wangu, mimi ni mzazi. Simu ni marufuku shuleni, na mimi nyumbani simpi. Kumfundisha mtandao mtoto asiye na simu si kumwonjesha pombe asiyekunywa?

Ticha_Uyole:
Mzee wangu, shikamoo. Heshima kwako, lakini yule kijana wangu naye hana simu.

MwlKyela:
Baba Mafinga, wangu wanakodi. Kuna kibanda karibu na stendi, mia tano kwa nusu saa, na hakuna mtu mzima pale. Usimpe tu, ila jua anaipata.

Mwenda_Tukuyu:
Yangu ni ya Kidato cha Nne. Wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, kijana anakuja kuniazima elfu tano. Nikambana, akasema ni mchango. Mchango wa nini? Wamejikusanya tisa, wameingia kwenye chaneli ya Telegram inayouza "mtihani wenyewe", picha ya bahasha yenye lakiri ipo. Wanane walishatoa. Walitumiwa karatasi ya Jiografia: ya miaka ya nyuma, mwaka juu umebandikwa mwingine, na mwandiko wa namba haulingani hata kidogo.

Sikuwapeleka kwa mkuu. Niliwakalisha tukaisoma ile karatasi kama tunavyosoma ramani, tukitafuta wapi imechezewa. Walipata dosari saba, mimi nilikuwa nimeona nne. Halafu tukaupeleka ujumbe wa yule tapeli kwenye 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kila mmoja akaona unavyotumwa. Hela haikurudi. Lakini mmoja wao sasa ndiye mtaalamu wa kijiji kwa zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", bibi zake wanamletea simu awasomee kabla hawajajibu.

Madam_Malezi:
Niko Mbeya mjini, mwalimu wa malezi. Niseme mawili, la kwanza la kunitia aibu.

Niliingia darasani na sheria mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, unyanyasaji mtandaoni: faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Nikawasomea kwa sauti ya hakimu. Nilipomaliza, binti wa mbele akanyoosha mkono: "Madam, na ile ya matokeo yetu?" Ipi? "Mliweka kwenye grupu la wazazi, majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Baba mdogo akairusha kwenye grupu la ukoo."

Sikuwa na jibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba inanihusu. Siku hizi kila mzazi anatumiwa ya mwanawe peke yake. Inachosha. Walimu wenzangu wananung'unika, na picha za paredi bado hatujakubaliana.

La pili ni lile la siku kumi na moja za Ticha Uyole. Nilimwendea mwalimu wa nidhamu, tukabishana karibu muhula mzima. Nikamwambia mtoto akija kusema limemkuta jambo mtandaoni, kosa la simu lisiguswe kwanza. Yeye aliona nafungua mlango wa simu bwenini. Mwisho akakubali kwa majaribio. Tukaweka sanduku lenye kufuli, ufunguo ninao mimi, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto nimeiandika kwa rangi juu yake, ni ya bure.

Mwezi wa kwanza sanduku lilijaa maharage. Maharage hayajaiva, maharage yana mawe, maharage tena. Mwalimu wa nidhamu akawa ananicheka chai ya saa nne. Wiki ya sita nikakuta kipande cha daftari kimekunjwa mara nyingi mpaka kimekuwa kama punje: "Madam kuna mtu mkubwa ananiandikia anasema nisimwambie mama."

Ya ndani siyasemi. Tulienda na mama yake, ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu nilikabidhi bila kufuta kitu, maana mama alitaka kufuta yote kwa hasira. Na yule mwalimu wa nidhamu ndiye aliyetuendesha kwa gari lake.

Fundi_Kihesa:
Madam 🙏

Baba_Mafinga:
Nimesoma. Hilo sanduku, shule ikikosa, mzazi anaweza kuchonga? Mbao huku zipo.

Ticha_Uyole:
Mzee chonga, mimi nachukua moja, nitatuma nauli ya basi.

Kesho nina vipindi viwili Kidato cha Pili. Yule kijana amekubali kusimulia mwenyewe, kwa sharti nisitaje kikoba cha mama. Naogopa kidogo atakwama katikati. Nimemwambia akikwama aniangalie, nitamalizia mimi, na bata ninaye tayari.