Naomba ushauri: insha ya Wapuritani na hadithi ya kuzaliwa kwa Marekani

Mwanafunzi_Fasihi: Wakuu, habari zenu. Nina insha ya fasihi ya mwanzo ya Marekani, juu ya Wapuritani, wale Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa lao litakaswe. Nimechukua historia ya koloni la Plymouth aliyoiandika gavana wake, William Bradford, na hotuba ya 1630 ya John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, ile ya mji juu ya mlima. Hoja yangu ni kwamba maandishi haya ndiyo yaliyowajengea Wamarekani imani kuwa wao ni taifa teule. Mwalimu kanirudishia rasimu, kaandika pembeni: "Nani aliyasoma, na lini?" Nibadilishe mada?

Msomaji wa Usiku: Usibadilishe, mkuu. Swali hilo ndilo insha yenyewe. Bradford alianza kuandika 1630, lakini kitabu kizima kilichapwa 1856, baada ya mswada kupotea na kuja kuonekana London, kwenye maktaba ya askofu. Wanahistoria wachache wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani yalikokuwa makoloni hayo, walikuwa wameutumia zamani. Msomaji wa kawaida hakuwa nao. Hotuba ya Winthrop nayo ilichapwa 1838. Kwa hiyo 1776 taifa linatangazwa, maandishi haya bado yako makabatini! Karne ya 19 ndiyo iliyoyatoa, kwa kuwa taifa changa lilikuwa linatafuta mababu. Hoja yako ihamishie huko.

Bi Kalamu: Naongezea, mdogo wangu: usiwachanganye watu wa Plymouth, kundi la Bradford, na wa Boston, kundi la Winthrop. Wa Plymouth, waliokuja na meli ya Mayflower 1620, walikuwa wamejitenga kabisa na Kanisa la Uingereza. Kundi la Winthrop lilitaka kulitakasa bila kulihama. Halafu isome hotuba yote, usiishie kwenye mstari mmoja. Winthrop anatoka kwenye Mathayo 5, "Mji hauwezi kusitirika ukiwa juu ya mlima", na kwake hilo ni onyo: wakivunja agano na Mungu, dunia nzima itawasimanga. Sehemu kubwa ya hotuba inahusu upendo na kubebeana mizigo. Majigambo ya utaifa yamewekwa na waliokuja baadaye.

Mwanafunzi_Fasihi: Asanteni sana, mmenifungua. Je, kuna mtu wa karne hiyo ya 19 aliyeikataa hadithi hiyo ya taifa teule?

Mzee wa Maktaba: Yupo, na usimwache: William Apess, Mpequot (kabila la wenyeji asilia wa New England), mhubiri wa Kimethodisti. Boston, 1836, alimsifu hadharani Metacom, kiongozi wa wenyeji asilia aliyepigana na wakoloni 1675 hadi 1676, akasema tarehe 22 Desemba, siku ya kuadhimisha kutua kwa wale wa Mayflower, kwa watu wasio weupe ni siku ya maombolezo. Msome sambamba na ukurasa wa Bradford kuhusu 1637, wakoloni wa Kiingereza walipokichoma moto kijiji cha Wapequot pale Mystic, watu wakiwamo ndani. Bradford anauita ushindi ule dhabihu tamu. Apess anaongea kwa Biblia ileile, na ndiyo maana anauma.

Mwanafunzi_Fasihi: Basi naanza na Boston ya 1836, kisha narudi nyuma hadi 1637. Shikamoo mzee, rasimu mpya nitaileta hapahapa.