Simu ikiibwa, pochi ya bitcoin nitairudishaje?

Mtafsiri wa Umoja:
Habari zenu wadau. Kuna mteja hunilipa kwa bitcoin na pochi iko kwenye simu. Yale maneno 12 ya kurudishia pochi nimeyaandika kwenye karatasi nyumbani, ila nataka nakala nyingine iliyosimbwa, isiyosomeka bila nywila. Ndugu yangu anasema nibaki na sita, sita nimpelekee mama Machakos. Nikinyang'anywa simu pale Muthurwa, hayo yatanitosha?

Fundi Luthuli:
Dada, usigawe hivyo, tafadhali. Karatasi moja ikipotea, pesa zote zimekwenda, na atakayeokota nusu amepunguziwa sana kazi ya kukisia. Ukitaka kugawa, tafuta pochi inayotumia hesabu ya mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir ya mwaka 1979: vipande vitatu, viwili vyovyote vinafungua, kimoja pekee hakimfaidi mwizi.

Kuhusu faili ya hiyo nakala, isimbe kwa GPG, programu ya kusimba faili, kwenye kompyuta iliyozimwa intaneti, kisha uiweke kwenye flashi mbili, nyumba mbili. Lakini nywila ya hiyo faili sasa ni mali kama pesa yenyewe. Ukiisahau, huku hakuna huduma kwa wateja wala kitambulisho cha kuonyesha kama kwa M-Pesa.

Karatasi usiidharau. Mzee mmoja alikuja dukani amekata tamaa, karatasi yake imemwagikiwa chai, mengine yamebaki herufi nne za mwanzo. Nilimwambia asinionyeshe. Nikampa orodha rasmi ya maneno 2048 akajaze mwenyewe, maana humo hakuna maneno mawili yenye herufi nne za mwanzo zilizo sawa. Pochi ikafunguka.

Simu ikiibwa, rudisha pochi kwenye simu nyingine, kisha hamishia pesa zote kwenye pochi mpya yenye maneno mapya. Siku hiyo hiyo.

Wa Kayole:
Na picha usipige! Simu nyingi hupandisha picha mtandaoni zenyewe. Tena ukishauliza hapa, watakuja faraghani wanaojiita wahudumu wakikuomba maneno. Wafungie.

Mtafsiri wa Umoja:
Asanteni sana. Nikiongeza nywila juu ya maneno 12 je?

Fundi Luthuli:
Inasaidia, ila hiyo haikwambii umekosea. Ukibadilisha herufi moja tu inakufungulia pochi nyingine, tupu, na watu huzirai wakidhani wameibiwa. Iandike, iweke mbali na maneno. Na kabla hujaingiza pesa nyingi, jaribu kurudisha kila kitu kwenye simu nyingine, uone anwani za kupokelea pesa zinalingana.