Tupeane uzoefu: kuhariri gazeti dogo la mkoani

Wino wa Stendi
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaohariri magazeti madogo ya mikoani hapa Tanzania, yale ya kurasa 8 au 12, ambako mhariri ndiye msahihishaji, ndiye mpokea matangazo, na siku ya kutoka ndiye anayepeleka vifurushi kwenye basi. Simulizi za maisha tuziweke kando. Mwageni mambo ya kazi: nini kinaharibika, kwa nini, na kinazuiwa vipi. Naanzisha na leseni: chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 gazeti linahitaji leseni ya Idara ya Habari (MAELEZO), na huhuishwa kila mwaka. Iwekeni kwenye kalenda miezi mitatu kabla haijaisha.

Kalamu Nyekundu
Kinachotuumbua zaidi ni takwimu za baraza la madiwani. Kwenye kabrasha (kitabu cha taarifa za kikao), jedwali la miradi lina safu zinazofanana kwa macho: fedha zilizotengwa, zilizopokelewa, zilizotumika. Mwandishi mwenye haraka huchukua ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa. Tuseme zahanati ilitengewa Sh milioni 90, zikapokelewa milioni 35, zikatumika milioni 31. Mezani inaletwa: "Halmashauri yatafuna milioni 90, zahanati bado msingi." Kichwa kitamu, ila ni uongo, na asubuhi mkurugenzi atapiga simu kabrasha likiwa mkononi. Habari yenyewe imelala kwenye ile milioni 55 ambayo haijafika: ilitakiwa itoke wapi, na imekwama kwa nani?

Dawa yake: takwimu haipiti mpaka mwandishi aambatanishe picha ya ukurasa wa kabrasha wenye jedwali. Kisha tazama kipindi cha taarifa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, kwa hiyo robo ya kwanza inaishia Septemba 30. Ukiichapa Januari, andika "hadi Septemba", usiandike "hadi sasa".

Mahakamani nako kuna mtego wa maneno. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. "Mwizi" ni baada ya hukumu. Kichwa cha "Mbakaji apandishwa kizimbani" kimeshahukumu kabla ya hakimu. Andika majina matatu, umri, mtaa anaoishi na namba ya kesi, maana majina mawili peke yake kata moja inaweza kuwa nayo kwa watu wanne, na mmoja wao ana duka na wakili.

Wino wa Stendi
Na watoto?

Kalamu Nyekundu
Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18. Kosa la wengi ni kudhani kuficha jina kunatosha. "Mwanafunzi wa darasa la sita, binti wa mwenye mashine ya kukoboa", tena na kijiji umekitaja: hapo umemtaja. Ondoa shule, kijiji na kazi ya mzazi, ubaki na wilaya. Mshtakiwa akiwa ni ndugu yake, hata jina la mshtakiwa linamfichua mtoto.

Msanifu Kurasa
Nikazie upande wa kurasa. Hesabu iende kwa nne. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A4, hivyo gazeti la A4 la kurasa 8 linakula A3 mbili. Nakala 500 ni karatasi 1,000, yaani rimu mbili, na ongeza kidogo za kuharibika. Habari ikizidi, hakuna cha "niongezee ukurasa mmoja". Ni kurasa nne au mkasi.

Picha: ikitumwa WhatsApp kama picha inabanwa, mara nyingi upande mrefu unabaki pikseli 1,600 au pungufu. Kwa karatasi ya gazeti, dpi 200 (pikseli 200 kwa kila inchi) inatosha, na 1,600 kwa 200 ni inchi 8, kama sentimita 20. Ya ndani inapita, ya kujaza ukurasa wote wa mbele itakuwa na ukungu. Mwambie mwandishi aitume kama dokumenti.

Herufi zenye kivuli chekundu je? Wengi humlaumu mchapaji, lakini mara nyingi kosa ni letu. Nyeusi iliyotengenezwa kwa RGB (rangi za skrini) ikigeuzwa CMYK (wino nne za uchapaji, K ikiwa nyeusi) hugawanyika kwenye rangi zote nne, na karatasi ikisogea kidogo mashineni kila rangi inakaa pake. Maandishi yawe K 100 tupu. Ukikagua PDF, izime rangi ya K: maandishi yakiendelea kuonekana, faili halijawa tayari.

Mzee wa Marejesho
Matangazo ya zabuni za serikali msiyategemee tena, zabuni zilihamia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mwaka 2023. Kinacholipa ni mirathi, wito wa mahakama, hati zilizopotea, pole na pongezi.

Tangazo la mirathi usilipokee kwa simu. Dai nakala yenye mhuri, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatilie: marehemu, mwombaji, namba ya shauri, mahakama, tarehe ya kutajwa. "Mohamed" ikichapwa "Mohammed" linaweza kukataliwa, nawe utarudia bure. Mteja asaini prufu (nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapa), na mtengee nakala mbili tatu za kupeleka mahakamani. Gazeti la mwezi lichunge tarehe isiwe imeshapita siku linapotoka.

Wakala wa kuuza gazeti naye mpe nakala kwa mauzo ya matoleo matatu yaliyopita, usimpe kwa maneno yake. Akirudisha 12 kati ya 40 kila toleo, mpe 30. Hajalipa toleo la nyuma? Kifurushi kibaki ofisini.

Mgeni Mezani
Shukrani wakuu. Kosa likishatoka, marekebisho yakae wapi?

Kalamu Nyekundu
Ukurasa uleule uliokosea, mkuu, toleo linalofuata, sentensi mbili: tuliandika nini na toleo lipi, na usahihi ni upi. "Kama ilisomeka vibaya" usiiandike kabisa, msomaji hakukosea kusoma. Na kama ni gazeti la kila mwezi, usimwache aliyeumizwa asubiri wiki nne: mpelekee barua yenye mhuri leo, aibandike hata dukani kwake.