NAULIZA INJINI NAPEWA RAMBIRAMBI! Yule fundi mnayemjua kaifanyia pikapu yangu ibada ya mazishi mbele za watu

Mzee wa Matenga:
Wakuu salamu sina, nitasalimia nikipoa.

Nimetoka gereji sasa hivi, hata viatu sijavua, naandika na kidole kimoja maana vingine vyote vinatetemeka. Yule jamaa bwana. Simtaji, mnamjua, kila mwenye gari kuanzia Mafinga mpaka Ruaha Mbuyuni anamjua, yule wa ovaroli ambalo akilivua linabaki limesimama lenyewe kwa grisi. Leo kanifanyia kitu ambacho hata aliyenidhulumu shamba hakuwahi kunifanyia. Kaiombea pikapu yangu. Na sio kuiombea ipone wakuu, kaiombea ile ya kwenda.

Ngoja nianze mwanzo maana nitapasuka. Nina Hilux LN85, dizeli, injini 2L, imenisomeshea watoto watatu na imejenga nyumba bado bati la uani tu. Wiki iliyopita nimeshusha nyanya za Ilula pale Morogoro, narudi zangu na matenga 40 matupu na mpwa wangu kalala juu yake, kufika mlima Kitonga kwenye zile kona mshale wa joto ukapanda ukalala kwenye H kama umefika kwao, mara mvuke unatoka kwenye boneti mpaka mpwa kule nyuma akavaa koti akidhani ni ukungu wa mlimani. Kuchomoa stiki ya oili nakuta chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka. Nikavutwa na Fuso la saruji mpaka Iringa kwa kamba, kila mtu barabarani ananipungia kana kwamba mimi ni bwana harusi.

Sasa mimi sio mjinga. Siku nne nimekaa nasoma, nauliza, napiga simu kwenye maduka ya spea ya Gerezani kule Dar naulizia bei, nimejaza daftari la hesabu la mwanangu mpaka mwalimu wake kaandika "nione". Nikabaki na majina matatu ya injini za Toyota: 3L, 5L au 1KZ. Moyo wangu uko kwenye 1KZ sifichi, maana kuna siku nilipitwa pale pale Kitonga na Prado ya 1KZ, mimi niko gia ya pili nasukuma gari kwa mabega, yeye anapita anakula muwa. Muwa wakuu! Mtu anapanda Kitonga anamenya muwa!

Nikaenda kwa yule jamaa na heshima zote, kama naenda kuposa. Nikamuuliza swali moja tu: fundi, hapa nifunge 5L au nijikaze nifunge 1KZ?

Hakujibu. HAKUJIBU. Kaweka spana chini taratibu, kafuta mikono, kavua kofia, kaweka kiganja juu ya boneti yangu, kafumba macho, kasema kwa sauti ya mchungaji kabisa, "Bwana ametoa, Bwana ametwaa..."

Na vijana wake wanne, kwa pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi: "JINA LAKE LIHIMIDIWE!"

Nikadhani imeisha. Mama ntilie wa pale pembeni kaweka mwiko chini, "lihimidiwe." Mteja mwenye Noah ambaye hata hanijui, "lihimidiwe." Nageuka kumtazama shemeji yangu, ndugu wa mke wangu wa damu, niliyekuja naye mimi mwenyewe na nauli nimemlipia mimi, namkuta kainamisha kichwa: "lihimidiwe."

Kisha ile kofia ikapitishwa. Rambirambi. Imerudi na shilingi mia saba na kifungo cha shati.

Sijajibiwa mpaka sasa kama ni 5L au 1KZ. Nimetoka pale kwa miguu. Shemeji kabaki anakula wali. Hivi mtu ana leseni gani ya kuizika gari ya mwenzake ikiwa hai? Taa zinawaka! Honi inalia! Redio inashika mpaka stesheni za Dodoma! LIHIMIDIWE ya nini??

Bushi Kavu:
Kwanza kabisa pole kwa msiba mkuu. Tulimpenda lakini skrepa imempenda zaidi.

Mama Wawili:
Mazishi ni lini tuje na turubai? Marehemu kaacha matairi mangapi?

Dizeli Damu:
Mkuu punguza povu tuongee kazi. Kwa hiyo gari weka 3L ulale. 2L, 3L na 5L ni ndugu wa tumbo moja, ni 2446, 2779 na 2986 hizo sisi, zinakaa kwenye mauntingi zile zile na giaboksi ile ile, fundi aliyeshiba anashusha asubuhi jioni unawasha. 5L ni nzuri zaidi ukiipata nzima, ila wengi wanauziwa 3L iliyopakwa rangi wanaambiwa 5L, kwa hiyo soma iliyoandikwa kwenye bloku usisome mdomo wa muuzaji. 1KZ achana nayo. Ukichukua ile ya 1KZ-TE pampu yake inaongozwa na umeme, unahitaji kontroo boksi yake (kompyuta ya injini), waya zake zote zije bila kukatwa, rejeta kubwa, ekzosi mpya, na maunting za kuchomelea. Ikigoma hapo Mbuyuni utalala na vitunguu. Halafu 1KZ nayo ikichemka hedi inapasuka vile vile, yaani unahama nyumba unakuta panya ni wale wale.

Ila nina swali. Ilichemka ikiwa na matenga MATUPU?

Mzee wa Matenga:
Waliopanda Kitonga saa saba mchana wanajua, sijibu hilo. Tusitoke kwenye mada. Mada ni kofia ilipitishwa. Kifungo cha shati kilitoka kwa nani? Nataka kumjua huyo mtu.

Dogo wa Turbo:
Mzee funga 2JZ, ile ya Toyota Supra, yenye turbo uwe unadrifti na nyanya.

Mama Wawili:
@Dogo wa Turbo zitafika Moro zikiwa tayari tomato sosi, atauza na chupa.

Nissan Mpaka Kaburini:
Ndio shida ya watu wa Toyota, mnabadilisha ugonjwa kwa ugonjwa. Weka TD27, dizeli ya Nissan. Haina taiming belti, ndani ni gia tupu, unamwagia oili unasahau. Mjomba wangu anayo kwenye mashine ya kusaga, ina miaka haijafunguliwa.

Dizeli Damu:
@Nissan Mpaka Kaburini na giaboksi ya Toyota utaiunganisha kwa uji? Hapo achonge adapta au ahamishe na giaboksi yake, akifika kwenye propela, lile shafti la kwenda nyuma, inabidi ikatwe iungwe upya, ianze kutetemeka kama ina malaria. Mjomba wako hana propela kwenye mashine ya kusaga.

Nissan Mpaka Kaburini:
Inaunganishwa vizuri tu, mafundi wako ndio hawajui. Na mjomba muache.

Mke wa Mwenye Gari:
Nyie angalau mnauliza kabla. Wangu aliitoa dizeli akafunga 4Y ya petroli kwa kuwa aliipata bei ya kutupa, kumbe ilitoka kwenye foklifti bandarini. Kuna siku nimelala naota inaninyanyua. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, imebaki ile ile ya dizeli, kwa hiyo ikifika 80 inalia kama inaomba msamaha, na mafuta inakunywa kama imetoka jangwani. Nikimwambia tuuze ananiambia "itakaa sawa". Mwaka wa tatu huu. Mwenzio kazikiwa siku moja, mimi nafanya matanga kila nikienda sheli.

Bushi Kavu:
Hahahaaa inaninyanyua. Dada uzi umeuchukua wewe.

Mzee wa Matenga:
Dada pole lakini nani alikuitikia LIHIMIDIWE? Hakuna. Basi tuheshimiane kwenye kupanga machungu.

Nilikuwepo:
Mimi nilikuwepo pale na Noah yangu. Ni kweli niliitikia, nisamehe mkuu, ilinitoka yenyewe, ile sauti ya fundi ilikuwa na upako. Ila hujasema yote. Kabla ya ile sala fundi alifungua boneti akauliza, "mfuniko wa rejeta uko wapi?" Waambie wana uzi ulikuwa umeziba na nini.

Dizeli Damu:
Ngoja ngoja. Alikuwa ameziba na nini?

Mama Wawili:
Nimevuta kiti.

Nilikuwepo:
GUNZI. Gunzi la mahindi limezungushiwa mfuko wa nailoni na mpira wa ndani wa baiskeli. Fundi kalitoa, kalitazama, kalipitisha kwa vijana wake mmoja mmoja kama picha ya marehemu. Ndipo akavua kofia.

Bushi Kavu:
NIMEKUFA

Dizeli Damu:
Aisee. Mkuu ule mfuniko sio kizibo cha chupa ya maji. Una springi, unabana presha ili maji yachelewe kuchemka. Ukiweka gunzi presha hakuna, maji yanachemka mapema, yanaruka nje kidogo kidogo, unafika Kitonga rejeta iko tupu kama matenga yako. Hiyo 2L hujauziwa mbovu, umeichoma kama mahindi. Sasa unataka ukabidhiwe 1KZ!

Mzee wa Matenga:
Lile gunzi lilikuwa la muda.

Mama Wawili:
Muda gani?

Mzee wa Matenga:
Tangu msimu wa mahindi.

Mama Wawili:
Wa mwaka gani baba?

Mzee wa Matenga:
Hayo ni mambo ya ndani ya familia. Mfuniko ungekuwepo usingekuwepo, kofia ilipitishwa! Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu wawili, napewa mia saba mbele ya shemeji!

Kamau wa Probox:
Watu wa TZ mko na raha sana, fundi wenu anawaombea. Mimi mtu mmoja wa Kirinyaga Road hapa Nairobi aliniuzia injini akaniapia ni eksi Japani, imefika juzi na meli. Nikafungua sampu ya oili nikapata matope nyekundu ya Murang'a. Nimezaliwa Murang'a, hiyo udongo naijua kama sura ya mamangu.

Trafiki Aliniona:
Na wakati mnacheka kumbukeni namba ya injini kwenye kadi. Mimi nilitoa 2L nikafunga 3L sikuenda TRA, nikasema nitaenda wiki ijayo, ile wiki ijayo ya Kiswahili. Nasimamishwa, afande anafungua boneti, kadi inaanza na 2L chuma kinaanza na 3L, nikalala pikapu ikiwa yadi ya polisi na samaki wakiwa nyuma. Samaki. Mwezi wa kumi na mbili. Kituo kizima kilihamia upande wa pili wa jengo. Mkuu ukinunua dai risiti yenye namba ya injini, usikubali ile ya "mali ikishauzwa hairudishwi" peke yake.

Mke wa Mwenye Gari:
Samaki walirudishwa?

Trafiki Aliniona:
Walijirudisha wenyewe dada, walikuwa wameanza kutembea.

Dogo wa Turbo:
Kumbe fundi umeme ndio wabaya zaidi, mimi niliacha gari apachike redio nikakuta nikikanyaga breki waipa zinafanya kazi.

Nissan Mpaka Kaburini:
Kwenye Nissan hiyo haitokei.

Bushi Kavu:
Kwenye Nissan waipa hazifanyi kazi kabisa.

Kamau wa Probox:
Hao wa stima wachana nao. Wangu alikata waya zote za Probox akaniambia "hizi zilikuwa za ziada". Za ziada! Toyota ilikaa chini Japani ikaniwekea waya za zawadi?

Mama Wawili:
Fundi umeme wote wana chupa moja ya soda yenye skrubu zilizobaki. Ukimuuliza za nini anasema "utaziona baadaye".

Mzee wa Matenga:
Jamani uzi ni wangu. Nilikuja na pikapu. Nilizikiwa gari.

Dogo wa Turbo:
Ni fundi umeme yupi huyo wa skrubu, wa pale stendi au wa kule sokoni?

Mama Wawili:
Wa stendi. Yule mwenye mbwa.

Dogo wa Turbo:
Ndiye huyo huyo!! Mbwa kala fyuzi zangu.

Mkulima wa Nyololo:
Mkuu mwenye uzi samahani natoka nje ya mada, hayo matenga matupu unauza? Nyanya zangu zinaiva zote kwa pamoja na huku matenga hayapatikani.

Mzee wa Matenga:
Nauza. Yapo 38. Mawili waliyakalia wale vijana wakati wa ibada yakapasuka. Njoo PM tuongee bei, ila usafiri utafute mwenyewe.