Mjadala: Je, maandamano yanaweza kuleta mabadiliko ya kisiasa yanayodumu?

Tangu siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, neno maandamano limekuwa zito midomoni mwa watu wa Dar es Salaam. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na kwa siku kadhaa tukaamriwa kuwa ndani ifikapo saa 12 jioni. Amri ile ilipoondolewa na kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni kikarudi, mzee mmoja aliyekuwa akizungusha kikombe mkononi bila kunywa alisema kwamba maandamano hayajawahi kubadilisha chochote katika nchi hii, ni kupoteza watoto wa watu tu. Kijana aliyekaa pembeni yake akamjibu, kwa adabu, kwamba hakuna njia nyingine iliyobaki. Nimeileta hoja hii hapa kwa sababu naamini wote wawili wamekosea.

Namwanzia mzee, kwa mfano wa Zanzibar. Januari 2001, wafuasi wa CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati huo, waliandamana kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000, ilhali serikali ilikuwa imepiga marufuku. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao Pemba, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa aliyetazama siku ile peke yake, yalikuwa maafa matupu. Lakini Oktoba mwaka huohuo CCM, chama tawala, na CUF walitia saini makubaliano ya Muafaka yaliyowaingiza wapinzani katika Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar na kuagiza daftari la kudumu la wapiga kura. Na baada ya miaka mingi ya kuvutana, Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na CUF wakasusia ule wa marudio, kifungu cha serikali hiyo ya umoja hakikufutwa katika Katiba ya Zanzibar, na ndicho kilichomwezesha Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa kiongozi wa CUF, kuapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Desemba 2020, akiwa amehamia chama cha ACT-Wazalendo.

Kwa kijana ninao mfano wa Sudan. Waandamanaji walianza Desemba 2018 kwa sababu ya bei ya mkate, na Aprili 2019 Omar al-Bashir, aliyetawala miaka 30, akaondolewa. Ujasiri wao haukupungukiwa na kitu. Hata hivyo bunduki zilibaki mikononi mwa walewale: Juni 2019 waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi wakauawa, Oktoba 2021 majenerali wakapindua serikali ya mpito, na tangu Aprili 2023 majenerali hao wanapigana wenyewe kwa wenyewe juu ya migongo ya raia. Maandamano yanaweza kumwondoa mtu, lakini kinachodumu ni kile kilichoandikwa na kulindwa na watu waliojipanga kabla ya kuingia barabarani na ambao bado wapo umati ukishatawanyika.

Naomba michango, hasa ya wanaonipinga.

*Mchangiaji wa kwanza:*

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa mfano wa Zanzibar, ila naona umeusoma kwa haraka. Kura ya maoni ya 2010 ilitokana na Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif kukutana Ikulu ya Zanzibar Novemba 2009. Ni wazee wawili waliokaa chini wakazungumza. Barabarani hapakuwa na mtu. Tazama pia yaliyotokea hapa kwetu. Tarehe 24 Januari 2024 CHADEMA, chama cha upinzani, waliandamana jijini wakidai, pamoja na mambo mengine, miswada ya sheria za uchaguzi iondolewe bungeni. Nilisimama kando ya Barabara ya Morogoro nikaona askari wakitembea sambamba na waandamanaji, wengine wakiwasaidia kuvuka, hata mama mmoja muuza maji akauza chupa zake zote. Hakuna aliyeumia. Siku chache baadaye Bunge likaipitisha miswada ileile. Tume ya Uchaguzi ikapata jina jipya, na wajumbe wake bado wanateuliwa na Rais. Sasa niambie: yakiwa ya amani hayasikilizwi, na yakizuiwa watu wanakufa. Anayelipa gharama hiyo ni nani?

*Mtoa mada:*

Ndugu yangu, swali lako la mwisho linaniumiza, na sitalijibu kana kwamba ni hesabu. Wanaolipa ni wasio na uwezo wa kukimbia, na hakuna kifungu cha Katiba kinachomrudishia mama mwanawe. Kuhusu mkutano wa Novemba 2009 umesema kweli, ila jiulize kwa nini Karume alimhitaji Maalim Seif hata kidogo. Nyuma ya Maalim Seif palikuwa na chama chenye matawi hadi shehia za mwisho za Pemba, chenye wanachama ambao hawakurudi nyuma baada ya mazishi ya 2001. Bila hao, mezani pale angekaa mtu mmoja asiye na la kumwambia mwenzake.

Januari 2024 sote tulirudi nyumbani jioni, nami nikiwemo, tukaridhika kwamba tumesikika. Lakini kuna jambo hatukulifuatilia. Sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka mwenye kuandaa maandamano atoe taarifa saa 48 kabla, lakini hadi leo tunazungumza juu ya kuomba kibali, na neno hilo tumelizoea kiasi kwamba hata viongozi wa upinzani wanalitumia. Ningependa kumsikia mwanasheria yeyote hapa atueleze taarifa iligeuka kibali lini, na ni nani kati yetu aliyekwenda mahakamani kulipinga hilo.