Kusindikiza kinga (baiskeli) Lubumbashi–Likasi, Kongo: tupeane uzoefu

Kinga ya Kampemba
Jambo yenu wote. Mwezi wa saba watu 20 wanapanda kinga mpaka Likasi, kilometa kama 120, kuchangisha pesa za dawa za watoto wenye SS (ugonjwa wa selimundu). Gari mbili, pikipiki moja. Wanaojua kazi ya kusindikiza, semeni: nini kinaharibu siku?

Fundi wa Katuba
Mipira ya magurudumu. Watu wananunua "28" sokoni wakiamini zote ni moja. Kinga ya makala (ya kubebea makaa) inavaa 28 x 1½, rimu yake milimeta 635. Kinga ya mbio ni 700C, rimu 622. Tairi ya makala ukiiweka kwenye rimu ya mbio inalegea, inaruka. Ya mbio kwenye rimu ya makala haiingii hata mkiivuta watu wawili. Kisha vali: tundu la Presta, vali nyembamba, ni milimeta 6.5, la vali nene kama ya gari ni 8.5. Mpira wa vali nene haupiti kwenye tundu dogo, hapo hakuna dawa. Ule mwembamba unapita kwenye tundu kubwa, lakini bila kipete cha raba vali itacheza mpaka ikatike shingoni. Siku moja kabla pitieni kinga kwa kinga, andikeni kwenye kartoni: rimu, vali, gia ngapi nyuma. Kiungo cha mnyororo wa gia 8 hakifungi mnyororo wa gia 11.

Kamalondo
Ni paka vile, ndivyo hasa. Hiyo kartoni ikae kwa dereva, isizikwe chini ya mizigo.

Mama wa Bidoni
Maji sasa. Watu 20, saa 6 barabarani, kila mtu kama nusu lita na kidogo kwa saa: inafika lita 72. Bebeni 100, yaani bidoni tano za lita 20. Mbili maji matupu, tatu zenye chumvi na sukari: kwa kila lita, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayejaza chupa anawe mikono kwa sabuni kwanza. Tumbo la kuhara linashusha watu kwenye kinga kuliko mlima wowote.

Ruashi Barabarani
Mmesahau kamioni (malori). Gari la nyuma lisijibandike kwenye mgongo wa waendeshaji. Kamioni ya shaba ikikuta kinga 20 na gari vimeshikana inalazimika kuvipita vyote kwa mara moja, na mbele hakuna nafasi ya kurudi. Gaweni watu makundi ya watano watano, kati ya kundi na kundi waachiane mita 200 ili kamioni ipate pa kuingia. Na hizi kamioni zenye usukani wa kulia ndizo mbaya zaidi.

Kamalondo
Hapana, mkubwa. Huku Kongo tunapita kulia. Dereva wa usukani wa kulia yuko upande wa kinga, anaiona vizuri. Wa usukani wa kushoto ndiye asiyeona kilicho chini ya mlango wake wa kulia.

Ruashi Barabarani
Kinga anaiona, ndiyo. Asichokiona ni gari linalokuja. Ili aone inabidi atoe pua yote ya kamioni kushoto, akikuta gari anarudi kulia kwa nguvu. Anarudi juu ya nani?

Kamalondo
Hapo umenishika. Basi makundi ya wanne.

Muuguzi wa Kenya
Mimi ni muuguzi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nimesoma hesabu ya Mama wa Bidoni, na naomba hili lisipite. Watu wote wanaogopa kiu. Lakini kwenye safari hizi tukio baya sana linampata anayekunywa kupita kiasi. Mwezi wa saba asubuhi ni baridi, upepo wa kusini-mashariki unawasukuma mgongoni kuelekea Likasi, jasho ni kidogo. Lakini kila kituo mtu anapewa chupa, anaambiwa "kunywa, kunywa!" Anamaliza lita ya maji matupu kila saa. Chumvi ya damu inashuka. Mnapokaribia Luishia, mbele njiani, pete imembana kidole, kichwa kinamuuma, anatapika. Wenzake wanadhani amekauka, wanamwongeza maji. Baadaye anaulizwa jina la kijiji, anajibu mambo mengine kabisa. Kutoka hapo ni degedege, na mtu anaweza kufa. Akianza kuchanganyikiwa msimpe maji tena, wala msikubali drip ya haraka ya glukosi kando ya njia. Mpakieni, hospitali, mwambieni daktari alikunywa lita ngapi.

Mama wa Bidoni
Mungu wangu. Sasa tutamtofautishaje na aliyekauka kweli?

Muuguzi wa Kenya
Mizani ya kupimia watu, iwe ndani ya gari. Pimeni kabla ya kuondoka, pimeni katikati ya njia. Aliyepungua kilo moja yuko kawaida. Aliyeongezeka amekunywa kupita kiasi, hata kama anacheka. Na anywe kwa kiu yake, asilazimishwe na mtu.

Annexe 4
Si walambe tu chumvi kavu mkononi?

Muuguzi wa Kenya
Chumvi kavu inatapisha. Karanga za chumvi, mchuzi wa moto kwenye termosi. Na ndizi kwa ajili ya nguvu, moja au mbili kwa saa.

Annexe 4
Na bukari (ugali) katikati ya njia?

Ruashi Barabarani
Bukari wakifika. Kusimama dakika 10, si zaidi, miguu inapoa.

Kamalondo
Dakika 10 kwa watu 20 kwenye mizani moja? Wekeni 20.

Fundi wa Katuba
Nirudi kwenye mipira, maana mpira mmoja utatoboka mara mbili palepale. Ni nyaya za tairi za kamioni zilizopasuka, nyembamba kama nywele. Kidole hakizioni. Pitisha pamba ndani ya tairi, pale inaponasa ndipo waya ulipo, uutoe kwa koleo. Halafu kiraka: kwaruza, paka gundi nyembamba, ngoja dakika 5 mpaka iache kung'aa, ndipo ubandike. Wanaobandika ikiwa mbichi wanarudi kusimama baada ya kilometa tatu.

Kinga ya Kampemba
Gundi tunayo, ya mwaka jana.

Fundi wa Katuba
Ilishafunguliwa? Imekauka hiyo. Nunueni mbili mpya, na msizifungue mpaka barabarani.